Rege Haikuzaliwa na Moshi

Wapo watu wazima wenye akili zao, walimu, viongozi wa dini, hata wahariri, ambao ukiwatajia rege wanakujibu kwa neno moja tu: bangi. Wakimwona kijana mwenye rasta kichwani wanashika mifuko yao. Wakisikia besi nzito ikitoka kwenye daladala au matatu, wanasema huo ni muziki wa wahuni, wa watu walioshindwa na maisha, wanaolala mchana wakingoja dunia iwabembeleze. Maoni haya yameenea hadi hayadaiwi tena ushahidi. Mimi nayadai ushahidi.

Na tusiwalaumu wenye kuichukia rege peke yao. Wapenzi wake wengi husema jambo lilelile kwa sauti ya sifa. Kwao, rege iliwajia Wajamaika usingizini: mtu alikaa kivulini, akavuta, akakumbuka dhiki zake, wimbo ukatoka. Huyu analaani moshi na yule anausifu, lakini wote wawili wamekubaliana kwamba moshi ndio uliofanya kazi. Wote wawili wamekosea. Rege ilitengenezwa na wanafunzi waliofundishwa wakafundishika, mafundi redio, maseremala, wafanyabiashara, na waimbaji waliorudia sauti moja hadi ikakaa sawa. Kuiita uvivu ni kuwadhulumu waliotoka jasho.

Tuanze na shule, maana ndipo hoja ya uvivu inapofia. Katika barabara ya South Camp, mjini Kingston, kulikuwa na shule ya wavulana iliyoitwa Alpha. Chimbuko lake ni kituo cha yatima kilichoanzishwa mwaka 1880 na Jessie Ripoll, na miaka 10 baadaye masista wa Kikatoliki wa Shirika la Huruma wakaingia kukiendesha. Waliopelekwa pale walikuwa yatima, watoto wa familia zisizojiweza, na watundu walioshindikana nyumbani. Walifundishwa useremala, uchapaji, ushonaji na kilimo. Walifundishwa pia muziki, tena muziki wa kusoma nota na wa kutii fimbo ya mwongoza bendi. Sista Mary Ignatius Davies alifika huko mwaka 1939 na akabaki hadi alipofariki mwaka 2003. Alikusanya santuri za kila namna, akawapigia wavulana wake jazz na muziki wa Amerika ya Kilatini, akawafundisha kusikiliza kabla ya kupuliza.

Matunda yake ni yapi? Mwaka 1964 kundi la The Skatalites lilipoundwa, wanne kati ya waasisi wake walikuwa wamelelewa Alpha: Tommy McCook na Lester Sterling wa saksafoni, Johnny Moore wa tarumbeta, na Don Drummond, ambaye hadi leo wapiga tromboni wanamtaja kwa heshima. Rico Rodriguez alitoka hapo. Vin Gordon na Cedric Brooks walitoka hapo. Joe Harriott alitoka hapo akaenda London na kuwa miongoni mwa wapiga jazz wenye ubunifu mkubwa Uingereza. Hawa ndio walioijenga ska, na ska ndiyo iliyozaa rocksteady, na rocksteady ikazaa rege mwaka 1968 au karibu na hapo. Vijana wa kundi la The Wailers walipotoa wimbo wao wa kwanza kuvuma, "Simmer Down", waliopiga nyuma yao walikuwa wanamuziki haohao wa The Skatalites. Nani basi anaweza kusema kwa dhamiri safi kwamba muziki huu ulizuka kijiweni? Ulizuka darasani, chini ya sista mwenye rozari.

Mtu atanijibu: hao ni wapiga vyombo, vipi waimbaji? Waimbaji nao walikuwa na mwalimu. Joe Higgs, mwimbaji mashuhuri wa Trench Town, aliwafundisha vijana wa mtaa wake bila malipo, uani, jinsi ya kupanga sauti tatu zisigongane, jinsi ya kupumua, jinsi ya kusubiri zamu. Bob Marley, Peter Tosh na Bunny Wailer walipita mikononi mwake kabla hawajaingia studio. Wakati huo waimbaji wengi walikuwa na kazi nyingine za kujipatia riziki. Marley alijifunza uchomeleaji wa vyuma. Desmond Dekker, ambaye mwaka 1969 wimbo wake "Israelites" ulishika namba moja Uingereza, naye alikuwa mchomeleaji. Toots Hibbert, mtu ambaye kundi lake lilitoa wimbo wa mwaka 1968 uliolitangaza jina la rege, alikuwa kinyozi. Mvivu hachomelei vyuma mchana kisha akaenda mazoezini jioni.

Baada ya shule, tazama karakana. Miaka ya 1940 na 1950 watu wengi wa Kingston hawakuwa na uwezo wa kuwalipa wapigaji wa bendi kamili, na redio haikupiga walichotaka kucheza. Wakabuni njia: mitambo ya muziki iliyofungwa uwanjani, yenye santuri, vikuza sauti na spika kubwa kama kabati la nguo, watu wakalipa kiingilio na kucheza hadi usiku wa manane. Waliozoea vigodoro vya Dar es Salaam wataelewa mara moja. Mitambo hiyo haikununuliwa dukani. Hedley Jones, aliyekuwa fundi wa rada katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alirudi Kingston na ujuzi wake, akatengeneza vikuza sauti vyenye nguvu ambayo haikuwahi kusikika mitaani. Maseremala wakachonga masanduku ya spika. Mafundi umeme wakasuka transfoma. Besi ile inayotikisa kifua, ambayo wakosoaji wetu wanaiita kelele, ni zao la hesabu na mbao na waya.

Fundi mkubwa kuliko wote alikuwa Osbourne Ruddock, anayejulikana duniani kama King Tubby. Alizaliwa mwaka 1941, akajifunza ufundi wa umeme, akawa anatengeneza redio na vifaa vya kudhibiti umeme. Nyumbani kwake, katika mtaa wa Waterhouse, aligeuza chumba kuwa studio ndogo, akafunga meza ya kuchanganyia sauti yenye njia nne, iliyokwishatumika kwenye studio nyingine, akaifanyia marekebisho kwa mikono yake. Kwa meza hiyo aliweza kuiondoa sauti ya mwimbaji, akaacha ngoma na besi zikitembea peke yake, kisha akairudisha sauti kwa neno moja linalopotea kwenye mwangwi. Hapo ndipo mtindo wa dub ulipokomaa. Watengenezaji wa muziki wa kompyuta wa London, Berlin na New York wanaishi juu ya msingi huo: kwamba wimbo uliokwisha kurekodiwa unaweza kuvunjwa na kujengwa upya, na kwamba fundi wa mitambo ni msanii kamili. Waliofanya kazi na Tubby wanamkumbuka kwa usafi, utulivu na nidhamu. Aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake tarehe 6 Februari 1989, na dunia ikapoteza mhandisi.

Ufundi huo haukuishia kwake. Mwaka 1985 King Jammy, aliyekuwa mwanafunzi wa Tubby, na mwimbaji Wayne Smith walichukua mdundo uliohifadhiwa ndani ya kinanda kidogo cha Casio, wakaupunguza kasi, wakauweka chini ya wimbo unaoitwa "Under Mi Sleng Teng". Ndani ya muda mfupi Kingston nzima ilikuwa imehamia kwenye mitambo ya dijitali. Kinanda hicho kiliuzwa duniani kote kwa ajili ya watoto na wanaojifunza. Ni Wajamaika walioona ndani yake zama mpya.

Tuje kwenye biashara. Clement Dodd, maarufu kama Coxsone, alianza kama mwenye mitambo ya mtaani, akisafiri kwenda Marekani kutafuta santuri ambazo washindani wake hawakuwa nazo. Mwaka 1963 alifungua studio yake namba 13 Brentford Road, ambayo dunia inaijua kwa jina la Studio One. Aliajiri bendi ya kudumu iliyofanya kazi siku baada ya siku, na kila Jumapili alisikiliza vijana waliopanga foleni kujaribiwa. Wengi walirudishwa nyumbani. Waliopita walikuta saa za kazi, bosi mkali, na wapigaji wasiovumilia mtu asiyejua wimbo wake. Mshindani wake mkubwa, Duke Reid, aliyekuwa na studio juu ya duka lake la pombe, alikuwa askari polisi wa zamani. Wanaosema rege ni ya wahuni wajiulize jambo hilo: mmoja wa waliojenga biashara ya muziki huu alikuwa amevaa sare ya polisi kwa miaka.

Sisemi kwamba biashara hiyo ilikuwa ya haki. Wanamuziki wengi walilipwa mara moja, santuri ikauzwa miaka mingi, na mwenye sauti akafa maskini. Jamaika ilipata sheria yake yenyewe ya hakimiliki mwaka 1993, zaidi ya miaka 30 baada ya uhuru wa 1962. Lakini dhuluma hiyo inathibitisha hoja yangu. Hakuna mtu anayeiba jasho la mvivu. Walichonyang'anywa watu hawa ni ujira wa kazi.

Sasa twende kwenye bangi yenyewe, kwa sababu sikusudii kuikwepa. Marasta wanaivuta, wengi wao kama sehemu ya ibada. Bob Marley aliivuta na kuitetea hadharani. Hilo liko wazi. Lakini mmea huo uliingia Jamaika na vibarua wa Kihindi walioletwa kwenye mashamba ya miwa kuanzia mwaka 1845, na ulipigwa marufuku mwaka 1913, yaani miaka karibu 20 kabla Urasta haujaanza kuhubiriwa na miaka 55 kabla ya rege. Kama moshi ungekuwa na uwezo wa kuzaa muziki huu, ulikuwa na zaidi ya karne nzima ya kufanya hivyo. Ulivutwa na haukuzaa kitu mpaka shule, mitambo na studio zilipokutana. Na bangi inavutwa katika nchi nyingi ambazo hazijaupa ulimwengu hata mdundo mmoja.

Urasta nao umesingiziwa. Leonard Howell alianza kuihubiri imani hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930, baada ya Haile Selassie kutawazwa mfalme wa Ethiopia mwezi Novemba 1930. Aliwaambia maskini weusi wa koloni la Uingereza kwamba mfalme wao hakuwa yule wa London. Mwaka 1934 akafungwa kwa uchochezi. Alipotoka aliwakusanya wafuasi wake huko Pinnacle, katika vilima vya parokia ya Saint Catherine, kuanzia mwaka 1940, wakalima chakula, wakachoma mkaa, wakalima na bangi, wakajitegemea. Polisi walivamia tena na tena, na mwaka 1954 wakaivunja jamii hiyo. Mwezi Aprili 1963, baada ya mapambano yenye vifo huko Coral Gardens karibu na Montego Bay, dola iliwaandama Marasta kisiwa kizima: wakakamatwa, wakapigwa, wakanyolewa nywele kwa nguvu. Mwaka 2017 Waziri Mkuu Andrew Holness aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali. Picha ya Rasta mhuni ilichorwa wakati huo, na waliokuwa na sababu ya kuichora: koloni lililoogopa watu wanaokataa utii, kisha serikali changa iliyorithi woga huo. Sisi huku tunairudia picha hiyo bila kujua tunamtumikia nani.

Na Mwafrika wa Mashariki hana haki ya kuiona imani hii kuwa ugeni mtupu. Ngoma za ibada za Marasta na mikusanyiko yao huitwa Nyabinghi. Jina hilo limetoka kwetu, kwenye nchi za milimani zinazounganisha Rwanda na kusini magharibi mwa Uganda, ambako waumini wa Nyabingi walipinga ukoloni, na ambako Muhumusa, kiongozi wao mwanamke, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911 na kuzuiliwa Kampala hadi kifo chake. Habari za Nyabingi zilifika Jamaika miaka ya 1930 zikiwa zimepotoshwa na magazeti, lakini Marasta walisikia ndani yake walichokihitaji: Waafrika waliogoma kupiga magoti. Mwaka 1960 ngoma hizo ziliingia studio, Count Ossie na wapigaji wake wakisindikiza "Oh Carolina" ya Folkes Brothers. Ngoma zilizodharauliwa zikasikika redioni.

Kuna wanaojibu kwa hoja nyingine, na ni hoja yenye uzito. Wanasema: hata kama rege ya zamani ilikuwa na heshima, tazama mtoto wake, dancehall, imejaa bunduki, matusi na chuki. Ni kweli ziko nyimbo ambazo sitazitetea. Zimeimba mauaji kama mchezo na zimechochea chuki dhidi ya watu wasio na hatia. Lakini Wajamaika wenyewe hawakunyamaza. Mwaka 2009 tume yao ya utangazaji ilizuia nyimbo zinazotaja ngono waziwazi redioni na kwenye televisheni, na mwaka 2022 ikazuia zinazotukuza bunduki, dawa za kulevya na utapeli. Wasanii walilalamika, wanazuoni wakajibizana, wazazi wakaandika magazetini. Taifa linalogombana hivyo na muziki wake halijalewa. Liko macho, linauchukulia muziki kuwa jambo la kitaifa. Sisi wenye nyimbo zetu za aibu tungefanya vyema kugombana kwa uzito huohuo, badala ya kunyoosha kidole ng'ambo ya bahari.

Wengine husema ni dhiki iliyozaa rege, wala si ujuzi. Hawa wanajidhani wanasifu. Dhiki iko kila mahali. Kama ingetosha, kila kitongoji duni duniani kingekuwa na Studio One yake. Dhiki ilimpa Don Drummond kitu cha kusema. Alpha ndiyo iliyompa pumzi na vidole vya kukisemea. Msanii maskini anayesifiwa kwa mateso yake na kunyimwa sifa ya ujuzi wake ametukanwa kwa adabu. Bob Marley alipokwenda mji ambao leo unaitwa Harare mwezi Aprili 1980 kwa sherehe za uhuru wa Zimbabwe, alilipa mwenyewe gharama za kusafirisha mitambo na watu wake, kutoka upande wa pili wa dunia, kwa matayarisho ya siku chache. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye mpango na bendi yenye utaratibu. Mwaka 2018 UNESCO ilipoiingiza rege ya Jamaika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, iliuheshimu ujuzi huo.

Kwa nini nayasema haya kwa Kiswahili, mbali na Kingston? Kwa sababu kosa hili linatugharimu. Clive Campbell, mzaliwa wa Kingston mwaka 1955, alihamia Bronx akiwa na miaka 12, na tarehe 11 Agosti 1973, kwa jina la DJ Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe namba 1520 Sedgwick Avenue, ambayo hip hop inaihesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa. Spika kubwa na kunena juu ya mdundo alivijua tangu Jamaika. Kutoka hip hop ilikuja Bongo Flava. Them Mushrooms wa Mombasa waliipiga rege, Justin Kalikawe wa Bukoba aliiimba kwa lugha zetu. Tumekuwa tukila matunda ya mti huo kwa miaka zaidi ya 40, lakini tulichukua nywele, rangi tatu na moshi, tukaacha shule, karakana na bidii. Kijana anayeamini kwamba Marley alitungiwa nyimbo na bangi atatafuta bangi. Kijana anayejua habari za Joe Higgs atatafuta mwalimu. Wanaoieneza hekaya ya moshi, wawe wanaichukia rege au wanaiabudu, ndio wanaomsukuma kijana huyo upande mbaya.

Tena hekaya hii inawaumiza watu wasiovuta kitu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ililazimika kuamua kwamba Urasta ni dini, na kwamba msichana wa Kirasta aliyefukuzwa shule ya Nairobi kwa sababu ya nywele zake arudishwe darasani. Mtoto alikuwa ametaka kusoma. Watu wazima waliangalia nywele, wakaona moshi usiokuwepo.

Ninachowataka wenzangu kufanya kinatekelezeka. Nairobi ina Starehe, iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya wavulana wa mitaani, nayo ina bendi inayosifika. Zanzibar ina chuo cha muziki cha DCMA, kilichofunguliwa mwaka 2002. Tuna mafundi wa spika Kariakoo na mafundi redio kila mji. Vitu vilivyoizaa rege viko mbele yetu, vimetawanyika na havithaminiwi. Serikali zitie fedha kwenye bendi za shule kama zinavyotia kwenye viwanja vya mpira. Vyama vya hakimiliki vimlipe mpiga besi, kwa wakati, si mwimbaji peke yake. Vituo vya redio vinapopiga rege vitaje majina ya wapigaji na mafundi waliokuwa nyuma ya sauti. Na mwalimu anayemwona mwanafunzi akigonga dawati kwa midundo, kabla hajanyanyua fimbo na kumwita mhuni, amuulize kama amewahi kushika chombo. Sista Ignatius aliwapa watundu wa Kingston tromboni na nota, na wakaupa ulimwengu muziki. Anayeendelea kusema ni moshi alete ushahidi wake, maana wa upande wetu ni huu.